Mafuta ya Kupikia Kila Siku: Chupa Mbili na Kijiko Kimoja

Rafu ya mafuta ya kupikia inachosha. Chupa hii imechorwa moyo mwekundu, ile imeandikwa kwamba haina kolesteroli, ya tatu inasema ni ya asili, ya nne imeongezewa vitamini. Na kila mtu ana lake la kusema: mmoja anaapa kwa nazi, mwingine anakuonya kuhusu siagi, wa tatu amesikia kwamba mafuta ya mbegu ndiyo yanayoleta maradhi yote. Mwishowe unachukua chupa uliyoizoea na kuondoka.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu anayepikia watu anaowapenda kila siku, na anataka jambo hili aliamue mara moja liishe. Jikoni zinatosha chupa mbili za mafuta ya maji na kijiko kimoja cha kupimia. Kazi iko katika kuzichagua hizo chupa, na katika kukitumia hicho kijiko kweli.

Kabla ya yote, usikusudie kuyaondoa mafuta kabisa. Kuna asidi mbili za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea: ya linoleiki, iliyo katika kundi la omega 6, na ya alfa-linoleniki, iliyo katika kundi la omega 3. Zote mbili ni lazima zitoke kwenye chakula. Vitamini A, D, E na K nazo huyeyuka ndani ya mafuta, kwa hiyo karoti au mboga za majani zilizopikwa bila tone la mafuta hukunufaisha kidogo kuliko zile zilizotiwa mafuta kiasi. Na watoto walio chini ya miaka miwili wanahitaji mafuta zaidi kuliko sisi watu wazima, kwa ajili ya ubongo na ukuaji wao. Chakula chao usikibanie.

Hatua ya 1: Pima unachomimina sasa

Anzia hapa, hata kama una hamu ya kujua mafuta gani ni bora. Chukua sufuria kavu, isiyo motoni. Mimina mafuta kama unavyomimina siku zote ukitaka kuunga mboga, bila kujibana. Kisha yachote kwa kijiko cha chakula, kile cha mililita 15, ukihesabu.

Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilidhani nimemimina vijiko viwili. Vilikuwa sita.

Hesabu yake ni hii. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula hubeba karibu gramu 14 za mafuta, yaani kalori kama 120. Vijiko sita ni kalori 720, na sufuria hiyo ikiliwa na watu wanne, kila mmoja amepata 180 za mafuta peke yake kabla hujahesabu chakula chenyewe. Na hapa aina ya mafuta haibadilishi kitu: zeituni, alizeti, nazi, mafuta yote ya maji yana nguvu ileile kwa kijiko. Watu wengi hununua mafuta ya ghali wakiamini ni mepesi, wakaongeza mkono. Hakuna mafuta mepesi. Hata chupa ya zeituni iliyoandikwa kuwa ni nyepesi inazungumzia ladha na rangi tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote ya siku yasizidi asilimia 30 ya nguvu, yaani kalori, ambayo mwili unapata. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hizo ni gramu 67 hivi, na ndani yake yamo mafuta ya nyama, maziwa, mayai na karanga. Kwa hiyo mimi hukadiria vijiko viwili vya mafuta ya kupikia kwa mtu mzima kwa siku kuwa ndio mwisho, na kimoja kuwa kawaida nzuri.

Hatua ya 2: Zijue jamaa tatu za mafuta

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kila mafuta ni mchanganyiko wa asidi za mafuta. Zile zilizoshiba zimejaza haidrojeni kila mahali inapoweza kukaa; zimenyooka, zinapangana kwa kubanana, na ndiyo maana huganda kirahisi. Zile ambazo hazijashiba zina pembe katika mnyororo wake, kila pembe ikiwa mahali penye kifungo maradufu; hazipangani vizuri, na hubaki majimaji. Ikiwa pembe ni moja, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya zeituni na parachichi, huitwa mafuta yenye kifungo kimoja. Zikiwa zaidi ya moja, kama kwenye alizeti ya kawaida, soya na mahindi, huitwa mafuta yenye vifungo vingi.

Kwa nini tujali? Kwa sababu mafuta yaliyoshiba hupandisha kolesteroli ya LDL kwenye damu, ile inayojijenga kwenye kuta za mishipa na kuleta maradhi ya moyo na kiharusi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, ambayo kwa kalori 2,000 ni gramu 22. Sasa linganisha kijiko kimoja cha chakula cha kila aina. Mafuta ya nazi hubeba gramu 11 hadi 12 za mafuta yaliyoshiba, yaani nusu ya kiwango cha siku nzima. Siagi na mawese hubeba kama 7 kila moja, samli kama 8 au 9. Zeituni na karanga huwa kati ya 2 na 2.5, alizeti 1.5 hivi, na kanola (ya mbegu za mmea wa jamii ya haradali) 1 tu.

Hizo tarakimu ndizo zilizonitoa kwenye ubishi. Nazi ni mmea, ndiyo, na mafuta yake yana harufu ninayoipenda mno, lakini zaidi ya asilimia 80 yake yameshiba. Siagi ina kiasi kidogo kuliko hayo. Kuwa tunda au kuwa mnyama hakuamui jambo hili.

La pili ni unachoweka mahali pa kile ulichoondoa. Ukipunguza siagi ukaongeza mkate mweupe na sukari, moyo wako haujapata faida. Ukiondoa siagi na kuweka mafuta ya maji yasiyoshiba, LDL hushuka. Ninasema hili wazi kwa sababu hofu ya mafuta ya mbegu imeenea sana. Asidi ya linoleiki iliyomo kwenye alizeti, soya na mahindi ni ileile ambayo mwili unaihitaji, na ikichukua nafasi ya mafuta yaliyoshiba hushusha LDL. Madhara ambayo watu huyahusisha na mafuta hayo kwa kawaida hutoka kwenye vyakula vya kukaangwa na vya kiwandani vinavyobeba pia chumvi, sukari na wanga mwingi. Kuunga maharage kwa kijiko cha alizeti ni jambo jingine kabisa.

Jamaa wa tatu ni mafuta ya transi, na huyu hana nafasi jikoni kwako. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vilijifunza kupuliza haidrojeni kwenye mafuta ya maji ili yagande na kudumu. Yakigandishwa nusunusu, asidi zake hubadilika umbo na kuwa za transi, ambazo hupandisha LDL na papo hapo kushusha HDL, ile kolesteroli inayosaidia kusafisha mishipa. Ni hasara mara mbili. Denmark ilikuwa nchi ya kwanza kuyawekea kikomo kwa sheria, mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe mafuta ya transi ya kiwandani kwenye vyakula. Nyingi zimefanya hivyo, nyingine bado, kwa hiyo jicho lako ni la lazima.

Hatua ya 3: Geuza chupa usome nyuma

Mbele ya chupa pameandikwa na anayetaka kuuza. Nyuma ndiko kwenye habari.

Tafuta kwanza orodha ya viambato. Ukikuta maneno yanayosema mafuta yamehaidrojenishwa kwa sehemu, rudisha bidhaa hiyo rafuni. Angalia hivyo hivyo kwenye majarini, biskuti, keki za paketi na krimu za unga za kutia kwenye kahawa. Usiridhike na sifuri ya transi iliyoandikwa kwa kila kipimo kimoja: kuna sheria zinazoruhusu kiasi kidogo kuandikwa sifuri, kama Marekani ambako chini ya nusu gramu kwa kipimo huandikwa 0. Orodha ya viambato ndiyo ya kuaminiwa.

Kisha nenda kwenye jedwali, mstari wa mafuta yaliyoshiba, safu ya kila gramu 100. Kwa chupa ya kila siku, mimi nataka nione chini ya 20. Mstari huo pia unakulinda na mtego mmoja: watu hufundishwa kwamba mafuta mabaya ni yale yanayoganda, lakini nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 au 25 za Selsiasi, kwa hiyo kwenye chumba chenye joto hukaa majimaji kama mengine. Sehemu ya maji ya mawese iliyotenganishwa kiwandani nayo humiminika vizuri ilhali imeshiba kwa kiasi cha asilimia 40 hivi. Kama chupa imeandikwa "mafuta ya mimea" bila kutaja mmea gani, mara nyingi ni mchanganyiko, na mstari huo ndio utakaokuambia ukweli.

Maneno "haina kolesteroli" yapite tu. Mmea wowote hauna kolesteroli ya kutajika, hivyo sifa hiyo ni ya kila chupa kwenye rafu.

Hatua ya 4: Chagua chupa ya moto na chupa ya ladha

Chupa ya kwanza ni ya moto: kuunga, kukaanga kidogo, kuoka. Iwe ya mafuta yaliyosafishwa kiwandani, yasiyo na harufu kali, yenye mafuta kidogo yaliyoshiba. Kanola, alizeti, soya, mahindi na karanga zote zinafaa. Ukipata alizeti ya aina yenye asidi nyingi ya oleiki, ichukue. Imebeba mafuta mengi ya kifungo kimoja na hustahimili joto kuliko alizeti ya kawaida. Kanola na soya zina faida ya kukuletea omega 3 kidogo, jambo ambalo alizeti na mahindi hayalifanyi. Kama huli samaki wenye mafuta, hilo lingenifanya nielekee kwenye kanola au soya.

Chupa ya pili ni ya ladha: kunyunyizia saladi, mboga zilizoiva, supu ikishateremshwa, samaki wa kuoka. Hapa zeituni iliyokamuliwa bila kemikali wala joto kali, ile ya daraja la juu kabisa, ina thamani yake. Ladha yake ya uchungu na kuwasha kooni inatokana na viambata vinavyoilinda isiharibike, na ndivyo vinavyoifanya iwe na manufaa. Ikiwa haipatikani au inazidi mfuko wako, ufuta au karanga iliyokamuliwa kienyeji hufanya kazi hiyo vizuri sana kwa matone machache. Usijinyime chakula kingine kizuri ili ununue zeituni. Afya haikai kwenye chupa moja.

Watu huuliza kama zeituni inaruhusiwa kupikiwa. Inaruhusiwa. Kiwango chake cha kutoa moshi huwa karibu na nyuzijoto 190, na kuunga kitunguu kwa moto wa wastani hakufiki huko. Isitoshe, kiwango cha moshi peke yake hakisemi kila kitu: mafuta yenye kifungo kimoja hustahimili joto kwa muda mrefu kuliko yenye vifungo vingi hata kama hayo mengine huchelewa kutoa moshi. Ninachokataza moja kwa moja ni kuyaweka motoni mafuta ya mbegu za kitani. Hayo huharibika upesi mno, kwa hiyo mahali pake ni juu ya chakula kilichokwisha kuiva.

Na siagi, samli, nazi, mawese mekundu? Sikuambii uyatupe. Yahesabu kama kiungo, kama unavyohesabu iliki. Ukitaka harufu ya siagi kwenye mayai, pikia nusu kijiko cha mafuta ya maji kisha weka kipande kidogo cha siagi mwishoni, ambapo harufu yake haitaungua. Utaipata ladha yote kwa theluthi ya kiasi. Mawese mekundu yana kitu cha ziada, karotini nyingi ambazo mwili huzigeuza vitamini A, na rangi hiyo hupotea yakisafishwa kuwa meupe. Bado nusu yake yameshiba.

Hatua ya 5: Badilisha namna ya kupika

Acha kumimina kutoka kwenye chupa. Kijiko kikae juu ya kifuniko cha chupa, kisitafutwe. Kwa sufuria ya watu wanne, anza na vijiko viwili.

Pasha chombo kwanza, kisha weka mafuta, kisha kitunguu. Mafuta ya moto hutambaa na kufunika sehemu kubwa, kwa hiyo machache yanatosha. Mafuta baridi hukushawishi uongeze. Kitunguu kikianza kushika chini, weka kijiko cha maji badala ya mafuta. Maji yatakwangua ule ukahawia wa chini, yatakauka, na kitunguu kitaendelea kuiva. Rudia mara mbili tatu. Wiki ya kwanza utadhani chakula kimepungukiwa. Ulimi huzoea haraka, na ukishazoea utaanza kusikia ladha ya mboga yenyewe.

Biringanya na uyoga hunyonya mafuta kama sifongo, hivyo zipakwe mafuta kwa brashi au mkono kisha ziokwe. Viazi na kuku vikichanganywa na kijiko kimoja kwenye bakuli, vikaokwa kwenye nyuzijoto 200, hutoka na ngozi kavu inayotafunika. Nyama yenye mafuta yake haihitaji mengine: iweke kwenye kikaango baridi, washa moto mdogo, itajitolea mafuta, na yakizidi uyamwage.

Ukiona moshi mwembamba wa buluu na macho yanaanza kuwasha, mafuta yameshavuka mpaka. Moshi huo una akrolini, kemikali inayochoma macho na koo. Zima moto, acha yapoe, yamwage, futa chombo, anza upya. Inauma kuyapoteza, lakini chakula kitakachopikiwa humo kitakuwa kichungu pia.

Hatua ya 6: Siku ya kukaanga kwa mafuta mengi

Ifanye kuwa siku ya mara mojamoja. Tumia mafuta yaliyosafishwa, karanga au alizeti ya oleiki nyingi kama unayo. Joto linalofaa ni kati ya nyuzijoto 170 na 180. Bila kipimajoto, chovya ncha kavu ya mwiko wa mti: vipovu vidogo vikipanda kwa utulivu kuuzunguka, yako tayari. Chini ya hapo chakula kitakunywa mafuta na kulowana. Juu ya hapo kitaungua nje kikiwa kibichi ndani. Kausha chakula vizuri, kaanga kidogo kidogo, kisha kiweke kwenye waya mafuta yachuruzike.

Mafuta uliyokaangia, yakipoa, yachuje kwa kitambaa safi uyafunike na kuyaweka gizani. Mimi huyatumia tena mara moja, mara chache mbili, halafu basi. Kila yanapopashwa, asidi zake huvunjika na kutengeneza viambata vinavyodhuru, kiasi kwamba Ujerumani, Ufaransa na Hispania zimeweka kikomo cha viambata hivyo kwenye mafuta ya kukaangia biashara, kati ya asilimia 24 na 25. Nyumbani huna kipimo hicho, una macho na pua: mafuta yakiwa meusi, yakivuta kama uji, yakitoa povu lisilotulia au moshi mapema kuliko zamani, mwisho wake umefika. Usiyamwage kwenye sinki, yanaweza kuziba bomba. Yatie kwenye chupa tupu, ifunge, itupe na takataka.

Na mafuta yakishika moto, usimwage maji hata tone. Zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko cha chuma, usiibebe, na usifunue mpaka ipoe kabisa.

Hatua ya 7: Hifadhi, na andika tarehe

Mafuta yana maadui watatu: mwanga, hewa na joto. Chupa inayokaa kando ya jiko inapata wote. Iweke kabatini, mbali na moto, na kifuniko kikazwe kila mara. Ya ladha nunua kwenye chupa ndogo yenye rangi nyeusi au ya kijani. Mafuta ya kitani yakae kwenye friji. Zeituni ikiingia friji itafanya ukungu na kuganda nusu; hilo si kuharibika, itayeyuka ikitolewa. Kuharibika kwenyewe kunajulikana kwa pua: harufu ya rangi ya kupakia ukuta, au ya karanga kuukuu zilizosahaulika. Ukiisikia, yamwage yote, na usiongezee mafuta mapya kwenye chupa ile kabla ya kuiosha na kuikausha.

Siku unayofungua chupa ya kila siku, andika tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika. Lita moja ina vijiko vya chakula 66 hivi. Nyumba ya watu wazima wanne wanaotumia vijiko viwili kila mmoja kwa siku itaimaliza kwa siku nane. Wakitumia kimoja, itafika siku kumi na sita. Chupa ikiisha, hesabu siku, kisha andika idadi hiyo kwenye chupa inayofuata, kando ya tarehe yake mpya.